Mistari Chini ya Buruta

Jiwe la kwanza lilimpata Ngolo jichoni, na mashine yangu haikusimama. Iliendelea kuchonga, kisu chake kikienda na kurudi juu ya ubao wa mninga, vumbi likimwagika sakafuni kama kawaida, huku nje kundi zima likipiga kelele za kutaka mtu. Mashine haina masikio. Ndicho nilichoipendea tangu mwanzo, na siku ile ndicho nilichoichukia.

Niliiunda mwenyewe, hapa upande wa Ruponda. Mafundi wa Dar huiita CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, na huinunua ikiwa ndani ya kasha. Yangu ilitokana na mashine mbovu za fotokopi nilizookota Nachingwea mjini, reli za droo, boliti ndefu kutoka kwa wauza vyuma chakavu wa Ruangwa, na kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Vyuma alivichomea Ngolo, kijana wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Watu walituuliza Mmwera na Msukuma wanaongea nini kutwa nzima. Tulikuwa tunagombana kuhusu milimita.

Ujuzi tuliutoa kwenye simu. Kuna mzungu mmoja wa nchi ya theluji, kajenga mashine kama hiyo bandani kwake, anachonga mbao ndefu za kuvaa miguuni na kuteleza mlimani. Tulimcheka sana. Kisha Ngolo akasema kwao watu huwafunga ng'ombe mbao za kuburuta mizigo, na kwamba theluji hatuna lakini mchanga tunao. Tukachonga mbao mbili zilizopinda mbele, tukapigilia jukwaa juu yake, na watu wakaliita buruta. Mzungu alikuwa anachonga mfereji mwembamba chini ya kila ubao ili usiyumbe, nasi tukaufuata: mfereji mmoja kila ubao, unaoacha mstari mmoja mchangani. Buruta hilo likaenda kwa kina Ngolo.

La pili aliliagiza mjomba wangu Isihaka, kaka wa mama, na alitaka livutwe na pikipiki. Pikipiki ina mbio kuliko ng'ombe, kwa hiyo chini ya kila ubao nilichonga mifereji miwili. Alilipeleka moja kwa moja kwenye shamba lake la mbali, njia ya Nanganga, na kijijini wengi hawakujua kuwa analo.

Kwetu mjomba si ndugu wa kusalimiwa sikukuu tu. Isihaka ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyenitafutia mke, na kiwanja cha karakana kilikuwa chake. Mpwa hamwinulii mjomba sauti. Sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitalazimika.

Asubuhi ya siku ile Bi Mwanaima, mjane, alifika shambani kwake akakuta ufuta haupo. Alikuwa ameshaukata na kuusimamisha kwa mafungu ukauke. Ufuta wa namna hiyo hausubiri kuliwa. Ng'ombe akijisugua tu akapita, mbegu zote ziko chini. Jana yake kundi la ng'ombe lilikuwa limepita jirani, na kwato zilionekana. Lakini katikati ya shamba kulikuwa pia na alama ya buruta. Bi Mwanaima akafanya kama tunavyofanya huku kwa alama ya mwizi: akaifunika kipande kwa ungo, akaweka miiba juu yake, ili ule mchanga upelekwe kwa mganga na mwizi avimbe miguu. Alama ya mwizi haikaguliwi kwetu. Inafunikwa.

Ng'ombe na buruta, vitu viwili vya Msukuma. Maneno yalitoka mdomo hadi mdomo, na kufikia alasiri yalikuwa yameshapata jina la Ngolo. Walikuja wengine kwa miguu, wengine wamepakizana kwenye pikipiki, na mjomba Isihaka alikuwa mbele yao na panga.

Nilimvuta Ngolo ndani, damu ikimtoka kwenye vidole alivyojizibia jicho. Mlango ulivunjwa kwa teke. Mtu mmoja aliipiga mashine kwa nyundo, akaipiga tena, mkanda ukakatika, na kile kisu kikadondoka kikiwa bado kinazunguka kikamchana muundi. Akapiga ukelele wa ajabu. Wenzake waliona damu yake wakadhani ni kazi ya Ngolo, na hapo hata waliokuwa wakisitasita wakaacha kusita.

Walimburuta nje kwa miguu. Walimpiga kwa mateke, kisha kwa mbao tulizozichonga sisi wenyewe, zile zilizopinda mbele, maana zinashikika vizuri. Niliusikia mfupa wa bega lake. Niliona jino lake mchangani, jeupe na dogo. Mtu alikuja na tairi la pikipiki, mwingine na chupa ya petroli, na niliogopa mpaka mkojo ukanitoka. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Ndivyo ilivyokuwa.

Bi Mwanaima alikuwa amesimama pembeni, kajifunga kanga kiunoni, analia. Nilimwita.

"Bi Mwanaima. Ile alama uliyoifunika, ina mistari mingapi kila upande?"

Nilipigwa kofi. Bi Mwanaima akasema, "Mwacheni aseme." Akafuta macho. "Miwili. Niliiona wakati naweka ungo."

Buruta la kina Ngolo lilikuwa pale uani, limeletwa kubadilishiwa ubao. Nililipindua. Liliniangukia mguuni. Chini ya kila ubao kulikuwa na mfereji mmoja, umejaa mchanga, na kila mtu aliuona.

"Sasa la mistari miwili ni la nani?" akauliza mwenye petroli.

Mjomba akaniita jina. Hakupaza sauti. Aliniita polepole, kama alivyokuwa akiniita jandoni nilipokuwa nalia usiku.

"Harithi."

Nilimtazama Ngolo. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa na jingine lilikuwa linaniangalia.

"La mjomba," nikasema.

Panga lilishuka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa buruta, na vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia vilibaki juu ya ubao. Sikusikia maumivu. Nilisikia aibu, aibu kubwa, kwamba mjomba wangu amenipiga mbele ya watu na amenipiga kwa haki ya kwetu.

Nilidhani kweli ingewapoza. Haikuwapoza. Hasira ilikuwa imeshatoka nyumbani, ilikuwa inatafuta tu wa kumwangukia. Walimwangukia mjomba kwa mbao zilezile. Nilipiga kelele waache, nikasema huyu ni mzee wenu, huyu ni mjomba wangu, na hakuna aliyenisikia, kama ambavyo hawakunisikia nilipomtetea Ngolo. Aliyewazuia ni Ngolo. Alitambaa, bega likining'inia, akamlalia mjomba. Mapigo kadhaa yalimpata mgongoni, kisha wapigaji wakaonana nyuso, wakatupa mbao, wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Siku nyingi baadaye nilimuuliza kwa nini alifanya vile.

"Ni mjomba wako, fundi," alisema, akaendelea kunywa uji.

Ufuta wa Bi Mwanaima ulikutwa kwenye lile shamba la Nanganga, umefunikwa turubai. Mjomba alifariki hospitalini bila kuzungumza na mtu.

Mbao za kufunikia mwanandani wa kaburi lake zilihitajika, na fundi kijijini ni mimi. Mama yangu, Bi Hajra, alikuja karakanani akasimama mlangoni. Hakuutazama mkono wangu uliofungwa bendeji.

"Mbao za kaka yangu zikatwe kwa msumeno," alisema. "Mashine yako isiziguse."

Mashine yenyewe ilikuwa vipande. Mimi nilishika msumeno kwa mkono wa kushoto, Ngolo akashika upande wa pili kwa mkono wake mzima, tukavutana taratibu mpaka mbao zikatimia. Ng'ombe wa kwao wakazivuta kwa buruta hadi makaburini. Waombolezaji walitembea pembeni mwa njia, na sikumwona hata mmoja aliyekanyaga mistari iliyoachwa na buruta.

Tuliporudi nilipitia kwa mama kumpa pole. Mbele ya mlango wake, pale nilipopita asubuhi kwa kandambili zangu zilizoisha kisigino, unyayo mmoja ulikuwa umefunikwa kwa ungo, na juu ya ungo kulikuwa na miiba. Niliutambua ungo ule, nimekula unga wake tangu utotoni. Sikuufunua. Nilipita pembeni, nikavua kandambili, nikaingia ndani.