Mwenye Mzinga

Harufu ilimfikia kabla mkono haujaingia mzingani.

Mfaume alikuwa juu ya mkwaju, mguu mmoja kwenye panda la tawi na mwingine ukining'inia, ameuma kwa meno kamba ya kumbi lililokuwa likifuka moshi chini ya kidevu chake. Mzinga ulikuwa gogo la mkorosho alilolichimba mwenyewe kwa tezo, Alhamisi na Ijumaa, siku ambazo mtumwa wa shamba aliachiwa afanye yake. Alipoondoa kizibo, nyuki walitoka wachache, wakamtambaa kifuani, hata mmoja asimuume. Hilo halikumpendeza. Nyuki asiyeuma ana lake.

Sega la kwanza lilikuwa la asali. La pili lilikuwa la majana, watoto wa nyuki, na vifuniko vya vyumba vyao vilikuwa vimebonyea na kuingia weusi. Alichomoa chelewa, kijiti cha ukuti alichokipachika nyuma ya sikio, akachoma jana moja. Halikutoka zima. Lilivutika kama ute wa bamia, uzi wa kahawia ukarefuka, ukakatika, ukamwangukia kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa harufu ya gundi, na ya samaki aliyesahauliwa mtumbwini.

Chini, Biubwa alikuwa ameinua bakuli kwa mikono miwili.

"Baba, nilambe kidogo?"

"Usiguse."

"Hata nta?"

"Hata nta."

Mtoto aliliteremsha bakuli. Hakuwa amezoea kukatazwa nta. Kila mkate wa nta uliotoka kwenye sufuria ya baba yake, yeye ndiye aliyeubeba kichwani mpaka ghalani kwa Tahir, bwana wao, na kila mara aliuliza swali lile lile: imefika? Pale mlangoni mwa ghala palikuwa na jiwe la mizani la uzito wa frasila moja, jeusi, lenye tundu la kupitishia kamba. Siku ya Idi, mbele ya watu waliokuja kula, Tahir bin Hamdu alitamka kwamba nta safi ya Mfaume ikilinyanyua jiwe lile kwenye mizani, Biubwa atakuwa huru. Mfaume alikuwa mzalia wa nyumba ile, mtumwa mwana wa watumwa, na mkewe Kidawa vilevile. Mtoto wao wa pili, aliyezaliwa baada ya Wadachi, Wajerumani waliotawala pwani, kutoa amri juu ya watoto wa watumwa, alikuwa huru tangu tumboni. Biubwa alimtangulia kwa masika moja tu, akawa mtumwa. Walilala kwenye kitanda kimoja cha kamba, mguu wa huyu ukimpiga huyu.

Misimu kadhaa nta ilikuwa imekusanyika ghalani, maana kibanda cha mtumwa hakina komeo. Ilibaki kidogo, na kidogo hicho kilikuwa ndani ya mizinga iliyoning'inia kwenye miti ya Tahir. Mwisho wa msimu ndio ulikuwa mpaka. Bi Hafidha, dada yake Tahir aliyeolewa Kilwa, alikwisha agiza mtoto wa kike wa kumtumikia ndani, na jahazi litakalochukua nazi kavu ndilo litakalomchukua Biubwa asipokuwa huru.

Mfaume alifungua mzinga mwingine, na mwingine. Mitatu ilikuwa inaoza. Iliyobaki, upande wa mikoko, ilikuwa mizima bado, majana meupe kama punje za mchele.

Amri aliijua. Ilisomwa Chole kwa pembe ya mbiu, na wasimamizi wa mashamba wakairudia vijijini mpaka Kiegeani. Kila mwenye mzinga aonaye majana yameoza atoe habari kwa akida wa serikali kabla Ijumaa ya wiki hiyo haijapita. Asiuhamishe mzinga, asiuze asali yake, asiuache wazi nyuki wengine wakaja kuiba. Atoaye habari, mizinga yake migonjwa itachomwa, mizima itaachwa, na nta atapewa. Afichaye atachapwa, na yote itachomwa. Wazee waliosikia walisema kwamba kwa mara ya kwanza Mdachi ameandika neno lenye akili, kwani nta ilikwenda Ulaya kwa meli na yeye aliihitaji kuliko hata wao.

Basi jambo lilikuwa jepesi. Mitatu ichomwe, iliyobaki ipone, nta ya yote iwe yake. Kilichohitajika ni mtu kutembea mpaka kwa akida na kusema.

Lakini mtumwa hatoki shambani bila ruhusa. Akionekana njiani pasipo kutumwa, huyo ni mtoro.

Alimkuta Tahir barazani, kikombe cha kahawa mkononi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto kwa ajili ya baridi yabisi. Mfaume alisimama chini ya ngazi.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Umerina?"

Mfaume alimweleza. Alieleza vizuri, bila kuongeza wala kupunguza, akaonyesha kifundo cha mkono kilichokuwa bado na doa. Akaomba ruhusa ya kwenda kwa akida siku ile ile. Tahir alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza nani mwengine ameona. Mfaume akasema hakuna, ila mwanawe.

"Basi ufunge mdomo wake na wako. Mnunuzi wa asali anakuja wiki ijayo. Turine kwanza, habari baadaye. Asali haijui kusema imetoka mzinga gani."

"Amri, bwana, inasema asali isiuzwe."

Tahir alinyanyua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha majini.

Mfaume alikuwa na neno jingine, akalizungushazungusha mdomoni kabla ya kulitoa. Alisema kwamba watu wa shamba wanaona ugonjwa huu ulianzia kwenye masanduku meupe. Hayo yalikuwa masanduku ya nyuki wa Ulaya aliyoyaleta Mdachi wa Chole kwa majaribio, akayaweka nyuma ya kisima cha Tahir, na tangu mvua za vuli yalikuwa yakinuka.

"Masanduku ni ya serikali," Tahir alisema. "Serikali haiugui. Nenda kafue nazi."

Abeid, nokoa wa shamba, yeye mwenyewe mtumwa aliyewekwa juu ya watumwa wenzake, alikuwa amekaa kwenye ngazi akichokonoa meno kwa kijiti. Alimsindikiza Mfaume kwa macho mpaka kwenye rundo la nazi, kisha akahamishia mkeka wake kwenye njia iendayo kwa akida. Alilala hapo siku zote zilizofuata. Mfaume alipopita na mzigo wa makumbi, Abeid alimuuliza kama nyuki wake hawajambo, na kama wamekwisha pata mganga. Watu waliokuwa wakifua nazi walicheka kidogo, kwa tahadhari.

Ijumaa ikapita.

Akida Shaibu hakuja kwa sababu ya Mfaume. Alikuja kwa sababu mizinga ya kijiji cha jirani ilikuwa imekufa, naye alikuwa akikagua mashamba yote ya upande ule. Alifika asubuhi na askari mmoja, akapewa kiti, akapewa halua, akaulizwa habari za nyumbani. Akakataa kikombe cha pili, akasema aoneshwe mizinga. Askari alipanda mkwaju kwa ngazi, akateremsha gogo, akalipasua kwa shoka. Harufu ikasambaa. Watu wakarudi nyuma hatua moja, isipokuwa Mfaume.

Askari alipasua la pili na la tatu. Masega yalimwagika mchangani, meusi.

"Mizinga hii ya nani?" akida aliuliza.

Swali hilo Mfaume alikwisha jibiwa mara nyingi maishani. Mwaka aliochonga mzinga wa kwanza, Tahir alichukua asali nusu kwa ajili ya mti, kisha akachukua nusu ya nusu, na Mfaume alipouliza, aliambiwa mbele ya watu hawa hawa kwamba mtumwa na kilicho mkononi mwake ni vya bwana wake. Kwa hiyo alijua jibu, na aliangalia chini akimwachia mwenyewe aliseme.

"Ya Mfaume," Tahir alisema. "Jasho lake, hilo siwezi kumdhulumu. Kachonga siku zake mwenyewe. Mimi changu ni miti tu."

Akida akageuka. "Wewe ndiye Mfaume?"

"Ndimi, bwana akida."

"Mizinga ni yako?"

Kidawa, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na yule mdogo ubavuni, alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Mfaume aliiona ishara na akaielewa. Akisema si yake, ngozi yake itapona. Lakini nani atakayesimama tena baada ya leo na kusema kwamba nta iliyotoka kwenye mizinga ile ni ya Mfaume? Ile iliyomo ghalani ingekuwa ya Tahir, na iliyomo kwenye masega ya upande wa mikoko ingekuwa ya Tahir, na jahazi lingekuja. Akisema ni yake, atapigwa. Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, aliijua. Aliwahi kuona wenzake wakiipata. Wengi waliinuka.

Bwana mwenyewe amekwisha tamka, mbele ya akida. Neno hilo lilikuwa limemkawilia maisha yake yote.

"Yangu," alisema. "Yote. Na nta yake."

"Na majana yameoza tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ijumaa iliyopita."

"Mbona hukutoa habari?"

"Nilitoa, bwana akida. Nilimwambia bwana wangu siku ile ile."

Akida alimtazama Tahir. Tahir alikuwa akitafuta kitu kwenye kikombe chake cha kahawa, akakosa, akakiweka chini. Akida hakumuuliza lolote. Halua ilikuwa bado kwenye sahani, kati yao.

"Amri inamtaja akida," alisema. "Haikumtaja bwana wako."

"Sikupewa ruhusa ya kutoka."

"Mwenye mali haombi ruhusa."

Alilisema kwa upole, kama mwalimu amrekebishaye mwanafunzi. Abeid ndiye aliyecheka kwanza. Wengine wakafuata kwa kuwa nokoa amecheka.

Walimlaza kifudifudi juu ya shina la mnazi ulioanguka. Askari alikuwa mtu wa bara, hodari, hakuwa na chuki wala haraka, na alihesabu kwa sauti ili asije akalaumiwa. Kidawa aliingia jikoni, akafunga mlango. Biubwa hakuwapo; alikuwa ametumwa mikokoni na wanawake wawili kuiteremsha mizinga mingine, maana amri ilisema yote, na yote ilikuwa pamoja na ile yenye majana meupe.

Walipomfungua, Mfaume hakuinuka. Alitambaa mpaka kwenye kivuli cha mkwaju, akalala hapo kwa tumbo. Baada ya muda aliinua kichwa.

"Nta, bwana akida," alisema. Ilibidi aseme mara mbili. "Mimi ndiye mwenye mizinga. Nta ni yangu."

Akida alikuwa tayari amevaa viatu. Alifikiri kidogo, maana alikuwa mtu aliyependa kufuata neno kama lilivyo. Akaeleza kwamba mwenye mzinga angetoa habari, nta ingekuwa yake, na hiyo ndiyo haki. Lakini afichaye ugonjwa haki yake hiyo huanguka, ya nta iliyomo mzingani na ya iliyokwisha toka. Na kwa kuwa serikali haitaki mtu aliyetiwa ugonjwa shambani mwake apate hasara, nta huenda kwa mwenye miti.

"Mimi sikuomba," Tahir alisema.

"Ni amri," akida akasema.

"Basi tutaitii."

Akatumwa mtu kuteka maji ya kuyeyushia nta. Akida na askari wakaondoka kwa njia ya kisimani, wakapita kando ya masanduku meupe. Askari aliziba pua. Akida hakusimama.

Magogo yalichomwa uani. Masega meusi yalitiwa kwenye sufuria ya karamu, na Biubwa aliporudi kutoka mikokoni na kapu la masega meupe kichwani alikuta moto umekwisha washwa. Abeid akampa kifumbu cha kuchujia tui, kwa sababu hakuna mtu shambani aliyeichuja nta vizuri kama yeye. Alimwona baba yake amelala kivulini. Akauliza ana nini. Abeid akasema amechoka, amepanda miti mingi.

Mtoto alifanya kazi. Alimimina, akakunja kifumbu, akakisokota kwa kijiti mpaka maji ya njano yakatoka na uchafu ukabaki ndani. Alingoja ipoe. Aliikwangua pembezoni kwa kifuu, akaitoa mizima, bila ufa, kama baba yake alivyomfundisha. Alasiri walikuwa wamepanga mikate ya nta, ya zamani na ya leo, mbele ya ghala, na Tahir akaagiza mizani itundikwe kwenye boriti.

Mfaume aliyaona yote yale kutoka pale chini alipolala. Aliiona kamba ikipita kwenye tundu la jiwe. Aliona mkate ukiwekwa, na mwingine, na mwingine. Biubwa alikuwa amechuchumaa, shavu karibu kugusa mchanga, akitazama chini ya jiwe ili awe wa kwanza kuuona mwanga. Mkate wa mwisho ulikuwa ule alioutoa sasa hivi, wenye joto bado.

Jiwe likanyanyuka.

Mtoto akaruka. Alikuja mbio mpaka chini ya mkwaju, mikono mbele, imeganda nta tangu vidoleni mpaka kwenye viwiko.

"Imefika, baba. Nimeiona. Imefika."

Mfaume alifumbua kinywa.

"Abeid," Tahir aliita kutoka ghalani, bila kuinua sauti. "Kamwoshe mtoto mikono. Bi Hafidha hapendi anayenata."

Abeid alikuja na kata ya maji. Biubwa akainyoosha mikono kama alivyoambiwa, lakini uso alikuwa ameugeuzia kwa baba yake, akingoja jibu. Abeid akamimina. Maji yaliteleza juu ya nta, yakaanguka mchangani, na mikono ikabaki vilevile.