Mkono Wenye Mafuta

Mkono wa mama mkwe ulikuwa umeshalowa mafuta, nao ulikuwa njiani kuelekea tumboni mwa mke wa fundi saa. Mke alifumba macho. Wanawake wa kikundi cha sala walijaa sebuleni, viti vya kuazima vikibanana, na kila mmoja alikuwa na la kumweleza Mungu kuhusu tumbo lile lisiloshika mimba, kana kwamba Mungu ni mzito wa kusikia.

Alikuwa amefunga, amekesha, amepakwa mafuta hadi magauni yake yakaingia madoa yasiyotoka. Na muda wote alijua. Daktari aliwaambia wote wawili kwamba mke hana kasoro. Kasoro iko kwa mume. Mume alimsihi amfichie aibu, naye akapiga moyo konde kwa kuwa alimpenda. Bado alimpenda. Ila siku hizi sala ilimkaukia mdomoni, maana aliona haya kusimama mbele za Mungu na uongo ule.

Mama mkwe akatangaza kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Wasipojibiwa, mwanawe atatafutiwa mke mwingine. Wanawake wakaitikia amina, baadhi yao wakiangalia chini.

Hasira ikampanda mke. Akaudaka mkono wa mama mkwe kabla haujamgusa.

“Mama, mimi si mgonjwa.”

“Sasa mgonjwa ni nani?”

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nyuma ya pazia, ambako mume hujichimbia na saa zake kila sala inapoanza, bisibisi ilianguka sakafuni. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mke aliomba kwa dhati: Mungu wangu, nisiwe mimi wa kulisema.

Pazia likafunguka. Mume alitoka na kioo chake cha kukuzia kikiwa bado kimefungwa kwenye kipaji cha uso kwa mpira, akapiga magoti kando ya mkewe.

“Ni mimi, mama,” alisema. “Mwenzangu amenisitiri tu.”

Mkono wa mama ulibaki hewani, mafuta yakidondoka mkekani. Hakuna aliyejua sala ya kuanzisha. Mke akanyoosha mkono, akamvua mumewe kile kioo taratibu na kukiacha kipaji wazi.