Goti la Chuma la Bi Mwanvita

Bi Mwanvita alikalia mbuzi yake alfajiri, kizio cha nazi mkononi, akaanza kukuna. Nusu ya nazi iliingia kwenye sinia, nusu ikamwagika sakafuni. Mguu wa kulia ndio uliomharibia kazi. Zamani ulikunjika vizuri pembeni ya mbuzi. Tangu awekwe goti la chuma ulipinda kidogo tu ukagoma, na unyayo ukatazama ubavuni, kama mgeni anayetafuta mlango ajiondokee.

Zaina, binti yake, alikuwa anataka kupita na ndoo ya maji. Akasimama, ndoo kichwani, akangoja. Nani aliyelelewa Bagamoyo akamruka mtu mzima miguu? Ni utovu wa adabu, na ni mkosi juu yake. Siku hizi nyumba nzima ilikuwa ikingoja Bi Mwanvita asogee, na kule kungojewa kulimuudhi kuliko maumivu.

"Acha hiyo nazi, mama. Basi litatuacha."

"Na vitumbua vya leo?"

"Mchele wenyewe uko wapi? Jana watu wamepanga foleni dukani mpaka jua kuzama, wamerudi na vikapu vitupu."

Ilikuwa kweli. Mwaka ule wa sabini na nne hata mwenye miguu miwili mizima alikuwa hali vitumbua.

Walikuwa wameitwa hospitalini Dar. Dereva wa gari la wagonjwa ndiye aliyeleta salamu: Dokta anamtaka bibi wa goti leo, kwani kesho anarudi kwao Ulaya. Bi Mwanvita alifurahi hadi chakula kikamshinda. Anaitwa kunyooshwa mguu, ataitiwa nini kingine? Na akiondoka yule Mzungu, nchi nzima hakuna mwingine wa kuufungua.

Kosa alilijua lilikoanzia. Kabla ya kupasuliwa alisimamishwa mbele ya mtambo apigwe eksirei ya mguu mzima, toka nyonga mpaka kifundo. Mpigaji alikuwa kijana wa kiume ambaye Bi Mwanvita angeweza kumzaa. Akamwambia apandishe kanga. Akapandisha, lakini mke wa watu atasimamaje miguu wazi mbele ya mwanamume? Akabana mapaja, akaligeuza goti ndani, akafumba macho. Dokta akapima mshazari wa mfupa kwenye picha ile, akakata kwa kuifuata, akachomeka chuma. Chuma chenyewe kilikuja na shehena ya msaada, kipimo kimoja tu, cha majitu ya kwao. Jeraha lilipopona akapigwa picha nyingine, kijana yuleyule, haya zilezile, goti likageuzwa ndani vilevile. Kwenye picha mguu ulikuwa mnyoofu. Nyumbani ulikuwa umekwenda kombo.

"Leo nitasimama wazi," alimnong'oneza Zaina walipofika. "Haya nimeziacha Bagamoyo."

Aliyewapokea ni Muhidini, dresa wa kufunga vidonda, ambaye ndiye pia mkalimani wa Dokta. Wodi ilikuwa imepigwa deki, mashuka mapya, hata nzi walikuwa wamefukuzwa.

"Shikamoo bibi. Wageni wanatoka wizarani kuja kuona goti lako. Utatembea toka kitandani hadi dirishani, basi. Shusha kanga, mguu usionekane sana."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimekuja kupigwa picha upya. Zile nilibana."

"Filamu hakuna, bibi. Zimekwisha tangu Ramadhani."

"Basi na anitazame kwa macho."

Muhidini akageukia mlangoni. Wageni walikuwa wameshaingia.

Mkubwa wao alikuwa Ndugu Msabaha, mtu wa Pangani, kavaa suti ya mikono mifupi. Alimwamkia Bi Mwanvita kwa heshima zake zote. Dokta akaichomeka picha kwenye kioo chenye taa, akapitisha kalamu toka nyonga mpaka kifundo, na kalamu haikukwama popote. Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Bi Mwanvita akatembezwa, lakini macho yote yalikuwa ukutani, kwenye mguu wa picha.

Akasimama katikati ya wodi. "Dokta, mguu huu umepinda. Ile picha nilisimama vibaya kwa kuona haya. Hauniruhusu kukaa, hauniruhusu kusujudu. Nifungue tena kabla hujaondoka."

Muhidini akasema maneno matatu ya Kizungu. Dokta akatabasamu, akampa mkono.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unashukuru."

Bi Mwanvita akamgeukia Ndugu Msabaha. Yeye alikuwa hahitaji mkalimani. Alikuwa amesikia kila neno. Akakohoa, akarekebisha kola. "Bibi, picha inaonyesha umenyooka."

Makofi yakapigwa. Wakaanza kutoka.

Mlango wa wodi ulikuwa mmoja, mwembamba, na kando yake palikuwa na kigoda cha mfagiaji. Bi Mwanvita aliwatangulia, akakivuta katikati ya mlango, akakikalia. Akapandisha kanga mpaka juu ya goti, mbele ya wanaume wote wale. Mguu ukachomoza ukafunga njia.

Dokta akainama. Akaweka kiganja gotini, akautazama unyayo, akaigeukia picha, akautazama unyayo tena. Uso ukamshuka. Akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Anasema pole," alifasiri Muhidini, na safari hii alifasiri sawasawa. "Ndege yake kesho."

Dokta akaunyanyua mguu wake mrefu, akamruka, akaenda.

Ndugu Msabaha akafuata, akafika mlangoni, akakwama. Alitazama mguu wa bibi, akatazama viatu vyake. Nyuma yake wageni walisongamana.

"Pita, baba," alisema Bi Mwanvita. "Si umenyooka?"

"Shikamoo bibi," alisema tena.

"Marahaba. Pita."

Jasho lilimtoka. Bi Mwanvita aliliona, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo wake ukatulia kidogo.

Ndipo Ndugu Msabaha alipowaashiria wahudumu wawili. Wakamnyanyua Bi Mwanvita na kigoda chake, taratibu, wakamtua pembeni, unyayo ukielekea ukutani. Zaina akakimbilia kumteremsha mama yake kanga. Ndugu Msabaha akajifuta uso kwa leso, akapita kwa adabu zote, bila kumruka mtu mzima.