Nota ya Kibogoyo

Vidole vya Sindano vilikuwa vinaukaribia mstari wa tatu wa wimbo, nami kwenye kiti cha nyuma nilikuwa nimeshaanza kuuma kucha, maana nilijua kinachokuja. Ukumbi ulikuwa wa chuo cha muziki, na piano yake nyeusi iling'aa kiasi kwamba ungeweza kujitazama ukajipaka wanja. Watahini watatu walikaa mezani mbele. Vijana kumi na wanne walikuwa wamekuja kugombea nafasi moja ya kusoma pale. Kumi na mmoja walishapiga, na sikuwa nimeona hata mmoja wa kumfikia mwanafunzi wangu.

Akafika. Kidole kikagusa kibao, kibao kikalia vizuri kabisa, na papo hapo Sindano akafungua mdomo akaiimba ile nota kwa sauti.

Watu wakacheka.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo mtadhani msichana alikuwa na wazimu.

Shule yangu ilikuwa vyumba viwili vilivyowahi kuwa stoo ya saruji. Tulipaka rangi mara nne, na bado ukiegemea ukuta ulitoka na mgongo mweupe. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, baba yake Sindano. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba hivi kwamba yeye alijua wimbo wa kila mwanafunzi, na mimi nilijua kila mteja wake aliyenenepa. Sikuwa na kile kidude cha kupimia mwendo wa wimbo, kwa hiyo niliwaambia watoto wasikilize cherehani. Fundi akiwa na haraka ya sare za shule, hata nyimbo za kubembeleza watoto tulizipiga mbio.

Piano ilikuwa moja, kuukuu, niliyoachiwa na mjomba. Mwaka wa pili kibao kimoja, cha tano kuliani mwa katikati, kilinyamaza. Ukikibonyeza kinashuka, kinapanda, sauti hakuna. Watoto wakaibatiza ile piano Kibogoyo. Fundi wa piano aliishi mji mwingine, na mimi sikuwa na subira, kwa hiyo nikawaambia: penye pengo tutaimba. Mkono upige, mdomo ujaze.

Ikawa desturi yetu. Kwenye onyesho la kila mwisho wa mwaka tulifungua milango yote, mabenchi yakafika hadi barabarani, na mtoto akikaribia pengo ungesikia wazazi wanavuta pumzi pamoja. Kisha nota inatoka, kutoka kila kona. Muuguzi aliyekuja na sare yake ya kazini aliimba. Mwokaji mikate, babu wa wanafunzi wangu wawili, hakujua hata jina la nota moja, lakini ile aliiimba sawasawa kuliko kwaya nzima. Fundi cherehani alisimama mlangoni na futi yake shingoni, naye akaimba. Nilizipenda zile jioni kupita kiasi. Hadi leo nikisikia mabenchi yanaburutwa mahali, moyo wangu unakwenda huko.

Fundi wa piano alikuja mwishowe, mzee mwenye kikohozi na mkoba wa ngozi. Alifungua kifuniko cha juu, akachungulia, akaweka sikio.

"Kuna kitu kimekwama kule chini, kwenye kinyundo cha kugonga uzi," alisema. "Nusu saa tu, Mama, nakitoa."

"Kiache," nikamwambia. "Kaza nyuzi nyingine, hicho kiache."

"Kibovu?"

"Kinawafundisha watoto masikio."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa. "Haya. Ila kuna siku utanikumbuka."

Nilimcheka. Kila mwaka alikuja, kila mwaka nilimkatalia. Sababu ya masikio ilikuwa ya kweli, siikani. Lakini ya kweli zaidi ni kwamba niliogopa kile kibao kikilia, zile jioni zangu zitakuwa maonyesho tu kama ya shule nyingine.

Sindano alianza kwangu akiwa na miaka sita. Tulimpa jina hilo kwa wembamba wake na kwa kazi ya baba yake. Hakuwa msemaji. Alikuwa akiingia, anasalimia, anakaa, na mikono yake inasema yote. Alipofika miaka kumi na saba sikuwa na kitu kingine cha kumfundisha, na nilipomwambia baba yake kuhusu ile nafasi ya chuoni, yule bwana alizima cherehani katikati ya mshono, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa nguo," alisema. "Kama unaona anaweza, mpeleke. Ila usimwache huko peke yake."

"Nitakuwa naye."

Alimshonea gauni la bluu lenye kola nyeupe. Mwenyewe alivaa suti aliyojishonea siku ya harusi yake, nayo ilikuwa imembana.

Sasa turudi ukumbini. Mtahini wa katikati, mama mwenye miwani ya kamba, aliinua kalamu.

"Binti, mbona unaimba? Hapa tunasikiliza mikono."

"Samahani," Sindano akasema. "Nimezoea."

"Endelea."

Mazoea yana taabu. Wimbo ule ulipitia nota ile mara tisa. Mara ya pili Sindano alibana midomo, na kidole nacho kikasita, kwa sababu miaka kumi na moja mdomo na kidole vilikuwa vimefundishwa pamoja. Mara ya tatu alichelewa. Mara ya nne aliikosa kabisa, akagusa ya jirani. Jasho lilikuwa limeilowesha kola ile nyeupe. Aliumaliza, lakini aliumaliza kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, na kila jiwe linateleza.

Yule mama akavua miwani. "Mwalimu wake yupo? Ningependa kujua hili limetoka wapi."

Mimi hapo. Ningesimama, ningesema maneno manane: piano yetu ina kibao kibovu, kosa ni langu. Labda wangempa wimbo mwingine. Labda wangemrudia. Lakini pembeni yangu walikaa walimu wa shule kubwa na majalada yao mapajani, na asubuhi ile mmoja wao alikuwa ameniuliza shule yangu inatumia piano ya namna gani, nami nikajibu, "Nzuri tu." Nikatazama viatu vyangu.

Sindano aligeuka, akaniona, akarudisha macho. "Hayupo," alisema.

Nafasi akapewa kijana wa kumi na tatu. Alipiga vizuri, sina la kumsema.

Nje ya geti baba yake alinisubiri, koti la suti mkononi. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, lilikuwa neno moja tu. Ningelisema mimi, lakini nani angemsikiliza mshona suruali?"

Kesho yake Sindano hakuja. Wiki iliyofuata, ng'ambo ya ukuta, nikaanza kusikia cherehani mbili. Ya baba ilikwenda na kusimama kama zamani. Ile ya pili ilikwenda kwa mwendo uleule mmoja, bila kupunguza wala kuongeza, na ingawa wanafunzi wangu waliifurahia, mimi ilinichoma. Baada ya miaka mitatu Sindano alihamia mji mwingine, akafungua karakana ya kutengeneza cherehani. Salamu zilinifikia kupitia kwa baba yake, fupi fupi. Sikutuma jibu la maana hata moja.

Na kile kibao? Hapo mtanishangaa. Fundi wa piano alipokuja tena nilimkatalia tena. Safari hii haikuwa kwa sababu ya masikio. Niliona kukitengeneza ni kukiri.

Miaka ishirini na moja ikapita hivyo. Vidole vyangu vikavimba viungo, shule nikamkabidhi mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, naye akasema bila kupinda maneno kwamba atapokea vyote, mradi Kibogoyo awe mzima. Fundi wa kikohozi alishatutoka, na fundi cherehani pia. Siku nilipokuwa natafuta mtu, mwanamke mwembamba mwenye mvi mbili tatu akasimama mlangoni na sanduku la bisibisi. Alikuwa amekuja kufunga duka la baba yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nasikia unatafuta fundi. Cherehani na piano ni ndugu, vyote ni vyuma vinavyogongana. Nishikie tochi."

Alifungua ubao wa mbele, akatoa parafujo moja moja na kuzipanga sakafuni. Hakutafuta. Mkono ulikwenda moja kwa moja, ukazama hadi kiwikoni, ukarudi na kitu kidogo chenye kutu. Ilikuwa kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho mshonaji huvaa kidoleni asichomwe na sindano.

"Ya baba," alisema. "Nilikuwa na miaka sita. Uliniambia nisiguse piano mpaka uniandikishe, nikapanda kitini nikaidondosha ndani nisikie nyuzi zinavyolia. Haikutoka tena."

"Ulijua miaka yote hiyo?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Aliifuta ile kastabini kwa upindo wa blauzi yake. "Na wewe je, Mwalimu?"

Hakusema kwa ubaya. Nilikaa kwenye benchi nikalia, nikamwambia nisamehe, mwanangu, nilikuwepo pale nikakuacha peke yako. Yeye alirudisha parafujo mahali pake, moja moja, mpaka nilipomaliza. Kisha akanivika kastabini kidoleni. Haikupita kwenye kiungo.

Akavuta kiti, akaanza ule wimbo wa siku ile, polepole, kwa vidole vilivyokakamaa kwa bisibisi. Alipofika mstari wa tatu, kibao kikalia, safi, baada ya miaka yote ile. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Nikasimama, nikaiimba mimi, kwa sauti yote niliyobaki nayo. Hakugeuka wala hakusita. Mara ya pili ilipokuja, tuliiimba wote.