Mti wa Arcesio

Walipokuja kumchukua, Bibi Basilisa alikuwa hajanawa hata mikono. Mtoto wa Mayerlin alikuwa ametoka dakika ile ile, wa kike, akilia kwa hasira kama mtu aliyenyimwa haki yake, na aproni ya mkunga ilikuwa imelowa damu ya uzazi toka kifuani hadi magotini. Aliomba abadilishe nguo. Vijana wawili wenye bunduki wakamwambia Komandante hapendi kungojeshwa. Basi akalifunga kondo la mtoto kwenye jani la mgomba, akampa nyanya wa mtoto alitunze kivulini mpaka yeye arudi, akapanda boti vile vile alivyo.

Vijana hao wote wawili aliwapokea yeye duniani. Njia nzima hawakumtazama usoni.

Kwenye mto Sajiá mtu huzaliwa mara mbili: mara ya kwanza anapotoka tumboni, na mara ya pili kitovu chake, pamoja na kondo, kinapofukiwa ardhini na mche kupandwa juu yake. Mti ukistawi, naye anastawi. Mti ukishikwa na kutu, naye anakohoa. Hakuna anayebishana na jambo hilo, kama vile hakuna anayebishana na mvua. Kwa miaka arobaini na sita Basilisa alikuwa amepanda miti mia moja na kumi na miwili kwenye kile kilima nyuma ya kanisa, mipera, mikakao, michungwa, na wa nani ni upi alijua yeye peke yake, maana kuandika hakujua na kusahau hakuweza.

Balaa ni kwamba kilima hicho ndicho mahali pekee pasipofurika, na jiko la kupikia kokeini halitaki mafuriko.

Arcesio, huyo Komandante, alikuwa mtoto wa mto huo huo. Aliondoka na miaka kumi na sita, akarudi na thelathini na minne, na boti zenye mashine tatu tatu, na wafuasi ambao karibu wote walikuwa vijana wa hapo hapo. Kwanza aliwaomba watu kwa upole walime koka, mmea wa kutengenezea kokeini. Wakakaa kikao, wakakataa, kwa sababu walishaona yaliyowapata wenzao wa juu ya mto: shamba la kwanza la koka, la pili la koka, la tatu makaburi. Arcesio hakugomba. Alianza tu kukata. Wiki tatu zilizopita alifyeka ukingo wa mto kupata gati la boti zake. Jana akapandisha misumeno ya injini kilimani.

Msumeno uligusa mkakao wa kwanza, na Wilinton, mlinzi wake mwenyewe aliyekuwa amesimama mbali karibu na pipa la petroli, akajikunja akaanguka, kitovu kimechanika. Alishonwa na Basilisa yule yule. Vijana wakaweka misumeno chini, na hata kutukanwa hakukuwatoa walipokuwa.

Boti ilipofika gati hilo, ambalo Basilisa alikuwa hajawahi kulikanyaga, alishuka, na mguu wake ukakaribia kukanyaga kisiki. Akakitazama.

Kilikuwa kisiki cha mshelisheli. Miaka thelathini na minne nyuma, Nieves alishikwa na uchungu akiwa ndani ya mtumbwi, mto umejaa, na hakuwahi kupandishwa kilimani. Alizaa mtumbwini, hapo hapo ukingoni, na Basilisa akazika kitovu hapo hapo ukingoni, peke yake mbali na vingine vyote. Nieves alikufa kabla mtoto hajafikisha miaka miwili, hivyo hakuna aliyewahi kumwambia Arcesio. Alikuwa ameukata mti wake mwenyewe ili apate pa kuegesha boti.

Na ubavuni mwa kisiki lilikuwa limechomoza chipukizi, refu kama kidole, na majani mawili.

Basilisa akanyanyua mguu, akakiruka, akapanda ngazi bila kugeuka.

Arcesio alikuwa kilimani, kwenye kiti cha plastiki, juani, amejifunika blanketi. Mwanamume aliyekuwa na kifua cha ng'ombe sasa shingo yake ilicheza ndani ya kola. Kivuli chake kilikuwa chepesi hata majani yaliyokuwa chini yake yalionekana. Aliwafukuza vijana wasogee nyuma, akabaki na msaidizi wake Ferney, mtu wa milimani, asiye na mti wala imani na miti. Kisha akafunua shati. Kitovuni palikuwa na vumbi la mbao, lile laini la msumeno. Akasema hulipangusa kila asubuhi na kila asubuhi linarudi, na wiki ya tatu hii chakula hakikai tumboni.

"Bibi, mti wangu ni upi?" akauliza.

"Nimezeeka, mwanangu. Nimezalisha wengi."

"Usinichezee. Unakumbuka hata mbuzi wa jirani kazaliwa lini."

Ferney akasema dawa ya jambo hili ni rahisi. Wachukue panga, wautie kila mti chale moja, mmoja mmoja, mpaka Komandante ausikie wake. Huo uzungushiwe ua, mingine yote ifyekwe, na kama hawa watoto wa mto hawataki, yeye ataleta watu wa milimani.

Basilisa aliona yote mara moja, kama anavyoona kichwa cha mtoto kikija vibaya. Chale mia moja na zaidi ni majeraha kwa kila aliyezaliwa hapo, hadi watoto wa matitini. Tena mwisho wa mstari Arcesio angekuwa hajasikia kitu, angejua kwamba hana mti kilimani, na mtu asiye na mti pale hana cha kuogopa. Angefyeka kila kitu kabla ya jua kutua. Ilibidi amwonyeshe mti, na amwonyeshe sasa. Lakini mti wowote angeujaribu kwa panga, na mwenye mti angepiga ukelele, ama miongoni mwa vijana wale, ama kwenye nyumba zilizokuwa hapo chini. Katika kilima chote ulikuwepo mti mmoja tu ambao mwenyewe aliweza kuamriwa anyamaze.

"Ule," akasema.

Ulikuwa mpera kando ya njia. Ferney alikuwa mshenzi lakini mjinga hakuwa. Alizunguka shina, akasema mti huu mbona una mizizi ya kizee. Basilisa akamjibu kwamba ulivunjwa na kimbunga ukachipua upya, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mwaka ule yeye mwenyewe alilala na homa siku arobaini.

Arcesio akainuka. Alikataa kushikwa mkono. Akalichukua panga, akashusha pumzi, akapiga.

Basilisa aliwahi kuzaa watoto sita na kuzika wanne, akadhani maumivu na yeye wameshamaliza mazungumzo yao. Kumbe bado. Panga lilipita chini ya kitovu chake, na damu ya moto ikashuka pajani. Akajikaza kisabuni. Akakumbuka anachowaambia wanawake wote, usibane meno, pumua kwa pua, tazama kitu kimoja. Akamtazama Arcesio.

Arcesio alikuwa amefumba macho, kiganja tumboni, anasikiliza. Mtu anayetaka kuishi husikia anachotaka kusikia.

"Nimeusikia," akasema taratibu. "Ndio huu. Nimeusikia mpaka mgongoni."

Ferney hakuwa akimtazama Komandante. Alikuwa akitazama miguu ya mkunga, ambako tone moja lilikuwa limeangukia kidole gumba, na sasa la pili.

"We bibi, mbona unavuja damu?"

"Mmenitoa kwenye uzazi hata maji sijanawa, unataka nivuje nini? Au wewe mama yako alikuzaa kwa marashi?"

Vijana wa nyuma wakacheka, na hata Arcesio akatabasamu kwa mara ya kwanza. Ferney akageuka pembeni, uso umemwiva.

Lakini aliporudi alirudi na lake. Akasema vizuri, huu ujengewe ua, mingine iangushwe leo hii. Basilisa hakubishana. Alimwomba kijana mmoja koleo, akamwonyesha pa kuchimba, hatua mbili kutoka kwenye mpera. Mzizi wa kwanza ulipofunuliwa ulikuwa umejisokota na wa mchungwa. Wa mchungwa ulikuwa umeingia chini ya mkakao. Walichimba mpaka kiunoni na hakuna aliyeweza kusema huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi.

"Mizizi haina mpaka, Arcesio. Ukiukata wa jirani, unajikata. Sasa chagua."

Arcesio aliliinamia shimo lile. Kisha akasema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, kwamba atakayegusa mti wowote kilimani atamwua kwa mkono wake, na jiko lihamishwe, na Ferney asimletee hadithi za watu wa milimani. Misumeno ikabebwa kuteremshwa mtoni. Vijana waliibeba mbio mbio, kama watu wanaotoa maiti ndani ya nyumba.

Basilisa alikuwa ameshageuka aondoke alipoitwa tena. Safari hii sauti ilikuwa ya mtoto.

"Bibi. Kila mtoto unamwekea kitu kitovuni. Mimi uliniwekea nini?"

"Ukucha wa chui, uliosagwa. Mama yako aliomba usimwogope mtu."

"Na sasa nitapona?"

Hakuwahi kumdanganya mgonjwa maishani mwake. Hata mwanamke aliyebeba mtoto aliyekwisha kufa alimwambia ukweli, akamshika mkono. Alimtazama huyu, mtoto wa Nieves, aliyemtoa kwenye maji machafu ya mtumbwi akiwa wa buluu na kumpulizia pumzi yake mwenyewe mdomoni, na akamhurumia, na akaichukia huruma hiyo.

"Kunywa maji ya nazi," akasema. "Kidogo kidogo."

Akateremka ngazi akishikilia aproni kwa mikono miwili. Kule chini vijana walikuwa wamemaliza kupakia misumeno, na sasa walikuwa wakiivuta nchi kavu ile boti kubwa ya Komandante, wanane, kamba mabegani, wakiimba kupata nguvu. Mkuku wake, uti wa chini ya boti, ulikuwa unakuja moja kwa moja kwenye kisiki cha mshelisheli.

Chipukizi lilikuwa limefungua jani la tatu.

Alijua kwamba neno moja lingetosha. Wangesimama, wangemheshimu, angelizungushia mawe na kulimwagilia, na baada ya mwezi Arcesio angekula sahani nzima ya samaki na ndizi. Na siku atakayokuwa na nguvu angeuliza kwa nini amepona kwa mti huu na si kwa ule, kisha angepandisha misumeno. Bila Arcesio, Ferney alikuwa mgeni tu kati ya vijana ambao wote vitovu vyao vilikuwa kilimani.

Kijana wa mbele akamwona amesimama, akapunguza mwendo. "Bibi, tupite? Kuna kitu hapo?"

Alifungua mdomo.

"Piteni," akasema.

Boti ikapanda kisiki kwa mlio mdogo wa kitu kibichi, ikapita. Huko juu kilimani kiti cha plastiki kilianguka, na mtu akaanza kuita jina la Komandante, mara ya kwanza kwa kawaida, kisha kwa ukelele. Vijana wakaachia kamba wakakimbia.

Basilisa akachuchumaa ukingoni, akatumbukiza mikono mtoni, akaisugua kwa mchanga. Aliisugua muda mrefu. Kisha akamwomba kijana aliyebaki kwenye boti iliyomleta amrudishe, kwa sababu kondo la mtoto wa Mayerlin lilikuwa bado halijafukiwa, na jua lilikuwa kali.