Rudia Kila Mwaka

Maharaj, kuhani wa Kihindu aliyealikwa kumwombea marehemu, alikuwa ameshanawa mikono na kukaa mbele ya sinia, ndipo akauliza mbona leo. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia chumvi. Jasuben, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni, akamjibu kwamba leo ndiyo siku ya Kantilal, marehemu mumewe. Simu imelia kukumbusha na kompyuta imelia, zote mbili kwa pamoja. Maharaj akaanza kuhesabu kwa pingili za vidole, midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza akahesabu tena. Seif, fundi aliyeziunganisha hizo simu na kompyuta na ambaye kwa sababu hiyo alialikwa kula, alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango akisikilizia harufu ya wali wa maziwa na iliki.

"Mama," Maharaj alisema, "siku hii imeshapita. Ilikuwa wiki juzi, Jumamosi."

Kwa watu wa Jasuben, marehemu hakumbukwi kwa tarehe ya serikali. Anakumbukwa kwa siku ya mwezi mwandamo aliyofia, na siku hiyo huhamahama, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Ikifika, mjane hupika bila kitunguu, hufunga, na hali chochote mpaka marehemu atengewe chake kwanza. Ikipita imepita. Marehemu amefika mlangoni akakuta hakuna aliyemngoja. Ndivyo Jasuben anavyoamini, na hakuna wa kumtoa huko.

Aliweka mwiko chini taratibu. Aliuliza Jumamosi ipi, akaambiwa, akaitafuta hiyo Jumamosi kichwani. Aliipata. Ilikuwa siku ya harusi ya binti wa rafiki yake Teodora, kule Buhongwa.

"Nilicheza," alisema. "Walinivuta katikati, nikacheza."

Maharaj hakuwa mtu wa kumlaza mjane na mzigo. Akamwambia asihangaike, dini ina huruma yake. Kila mwaka zipo wiki mbili za kuwakumbuka wazee waliotangulia, na siku ya mwisho imewekwa kwa ajili ya waliosahauliwa. Kantilal ataombewa siku hiyo. Alidhani anamfariji, masikini. Jasuben alilirudia lile neno, waliosahauliwa, akasema mume wake hakusahauliwa hata siku moja.

Sasa Seif. Karakana yake iko Igoma, chumba kimoja kilichojaa kompyuta zilizotupwa na maofisi, na kazi yake ni kuzifufua. Huzitia Linux, kisha humshika mteja kwa hotuba: haina leseni, haina virusi, ni programu huria, yeyote anayetaka anaweza kuifungua aone ndani kuna nini. Ukimwacha ataongea mpaka chai ipoe. Mwaka jana Jitesh, mtoto pekee wa Jasuben, anayefanya kazi Kampala, alimpigia akimwomba jambo moja. Anataka simu yake, simu ya mama yake na ile kompyuta kuukuu ya baba yake zisome kalenda moja, ili siku ya mzee ikifika mama na mwana wakae pamoja, japo kwenye kioo.

Seif aliifanya hiyo kazi mchana mmoja, na aliifanya vizuri, tusimwonee. Aliandika siku ya mzee kwenye simu ya Jasuben, akabofya, kishale kikazunguka, na kwenye kompyuta kikatokea kiboksi cha buluu chenye jina la Kantilal. Jasuben alipiga makofi. Tarehe yenyewe Seif aliinakili kutoka kalenda ya Kigujarati, ile inayofuata mwezi mwandamo, iliyoning'inia kwenye mlango wa jiko. Kisha programu ikamuuliza kama tukio hili litajirudia. Akachagua: rudia kila mwaka. Hakuwaza hata kidogo. Na wakati wa kuaga, kichwa kikiwa kimevimba kwa sifa, alimwambia mama wa watu kwamba ile karatasi ya mlangoni haina kazi tena. Jasuben alimwamini, mwaka huu hakununua mpya.

Yote hayo yalimrudia Seif pale kwenye kiti, kwa mara moja, na masikio yakamwaka moto. Lakini mdomo ulitangulia.

"Labda ni mtandao umechanganya, mama," alisema. "Hizi programu za bure wakati mwingine zina matatizo."

Alijisikia akiyasema. Ile programu aliyoitetea mbele ya nusu ya Mwanza, leo anaisingizia, na yenyewe haikukosea hata nukta, ilifanya ilichoambiwa. Maharaj aliaga, akaondoka bila kula. Jasuben alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, na aliporudi, badala ya kulia, akamwekea Seif mkono begani.

"Usijisikie vibaya, mwanangu. Mashine ni mashine. Nitamwambia Jitesh aitupe, wewe huna kosa."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Seif aliutazama ule mkono, umejaa alama za mafuta ya kukaangia vichapati vya puri, akaona aibu mpaka ya kukaa kwenye kile kiti. Alisimama.

"Si mashine, mama. Ni mimi. Niliiambia irudi tarehe ileile kila mwaka. Nimekudanganya sasa hivi, mbele ya Maharaj."

Jasuben aliuondoa mkono. Hakupandisha sauti. Alimwangalia kwa muda, kama anayemtafuta mtu mwingine kwenye sura ile.

"Wewe, Seif? Wewe wa Idi?" aliuliza. "Idi yenu inarudi tarehe ileile?"

Seif mwenyewe, mwezi wa Ramadhani ukikaribia, hupanda juu ya karakana kuutafuta, kisha hubishana na majirani kama umeandama au bado. Ya mwezi wake aliyajua. Ya wenzake hata hayakumpitia kichwani.

Simu ya Jasuben ikaita mezani. Ni Jitesh, kwa video. Jasuben aliinyanyua, akalisoma jina, kisha akamnyooshea Seif.

"Mwambie wewe," alisema, akaingia jikoni.

Seif aliipokea kwa mikono miwili. Kwenye kioo Jitesh alikuwa amevaa nguo nyeupe, nywele bado zina maji, midomo imemkauka kwa kufunga. Siku hiyo hakwenda kazini. Nyuma yake alikuwa ametundika picha ya baba yake na kuivisha shada la maua. Alipouona uso wa Seif badala ya wa mama yake, alitabasamu, akakutanisha viganja viwili kifuani.

"Seif, ndugu yangu, asante sana," alisema. "Bila wewe ningeipitisha hii siku."

Kisha akasogea pembeni kidogo, ili mzee aonekane.