Tuta la Shemeji Chini ya Bahari

Raheli alipomaliza kupanga koliflawa kwenye matenga, bahari ilikuwa imeshafika. Wiki hiyo bahari ilikuwa inapanda bondeni chini ya Magamba kila watu wakimaliza kula mchana, inafunika mashamba, kisha inaondoka kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Kina chake ni cha magotini, ila mawimbi yanamfika mtu kifuani, na koliflawa likishaonja chumvi hakuna dalali wa kuligeukia. Lori lilikuwa ng'ambo, barabarani, na dereva ameshapiga honi.

Mumewe, Kornelio, alikuwa amesimika mti wa mkaratusi kwenye hori la ng'ombe na kutundika turubai kuwa tanga. Kamba ya tanga akaifunga horini kwa fundo la kufungia mzigo wa kuni. Raheli alimwambia aishike mkononi. Kornelio akajibu kwamba mzigo usiofungwa umeshaanguka. Ndivyo walivyolelewa huku mlimani. Wakapakia matenga horini, wakaanza kuvuka kuelekea lorini.

Upepo ukashuka kutoka msituni kwa mkupuo. Hori likalala ubavu. Raheli akakalia ukingo wa juu, mgongo nje, huku Kornelio akihangaika na fundo mpaka akalikata kwa panga. Kuanzia hapo alishika kamba mkononi kama alivyoambiwa: upepo ukizidi analegeza, ukipungua anavuta.

Raheli alishika usukani, yaani jembe. Kila penye tuta wimbi lilivunjika, naye akaliinua jembe lisikwame. Matuta yake aliyajua yote. Baada ya la mwisho kulikuwa na mfereji wao, penye kina, na baada ya mfereji ndilo shamba la Clemence, kaka yake Kornelio. Akauelekea mfereji.

Hori likakwama.

"Umelenga vibaya," Kornelio alisema.

"Nimelenga mfereji wetu."

Akachovya jembe. Mfereji haukuwepo. Palikuwa na tuta la viazi, na msale, mmea wa kuonyesha mpaka, umepandwa upande wao. Wimbi likaingia horini, likafuata jingine, koliflawa zikaelea. Ng'ambo, lori likaondoka.

Clemence alikuwa amesimama pakavu, juu kidogo ya maji, kwenye ngazi ya shamba lake la mteremko, na mabuti yake.

"Shikamoo, shemeji," alisema Raheli, maana adabu haipwelewi.

"Marahaba. Mmekwama kwangu."

"Kwako tangu lini?"

"Hii bahari inasogeza vitu, shemeji."

Viazi vya tuta lile vilikuwa vimeshatoa maua kitambo, na bahari haijamaliza wiki.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa, akavua viatu, akasema mpaka hauamuliwi chini ya maji. Jioni maji yalipoondoka, akasema shahidi mkuu ni bahari, nayo haipo.

Viazi vilipokomaa, bahari ikiwa bado inapanda kila mchana, Clemence aliomba avushiwe magunia. Raheli alimtazama mumewe. Kornelio alisema kaka ni kaka, akaenda kushika kamba. Hori likazama sana kwa ule uzito, na kulipita tuta lile lile la Clemence kukashindikana, ikabidi wazunguke mbali.